Nyumba Mbili na Lifti Moja

Kila Jumapili baada ya ibada, tukishashika vikombe vya kahawa kule nyuma ya kanisa, lazima kijana mmoja anisogelee na simu mkononi. Najua anachotaka kabla hajafungua mdomo. Ananionyesha picha ya jiko jeupe, na juu ya meza bakuli la malimau. Sijui nani aliwaambia madalali wa nyumba wa Stockholm kwamba mtu akiona malimau anashikwa na hamu ya kukopa, lakini dawa hiyo inafanya kazi, maana huyo kijana macho yanamng'aa. "Bibi," ananiambia, "hii tumeipenda. Ila yetu bado hatujauza. Tununue kwanza au tuuze kwanza?"

Wananiita Bibi wa Benki. Nilipoanza kazi ya kushauri watu juu ya mikopo ya nyumba nilikuwa Dada wa Benki. Katikati hapo, bila mtu kuniomba ruhusa, nikageuzwa Shangazi wa Benki. Sasa nimestaafu, naishi Hagsätra mwisho wa treni, tawi letu lilishafungwa na pale palipokuwa meza yangu daktari wa meno anang'oa watu magego, lakini cheo bado ninacho. Basi nimeona niandike, ili Jumapili nami ninywe kahawa yangu ikiwa bado moto.

Wanangu, kwanza mjue mnachouliza. Mtu akinunua nyumba mpya kabla ya kuuza ya zamani, kuna kipindi anakuwa na nyumba mbili. Masikioni kunasikika kama utajiri. Kumbe maana yake ni mikopo miwili, riba mbili, bili mbili za umeme, bima mbili, na theluji ya kuondoa sehemu mbili. Benki inaweza kukupa mkopo wa muda wa kukuvusha hapo katikati, na Waswidi wenyewe wanauita mkopo wa daraja. Ni jina zuri. Shida yake ni kwamba watu wakishaambiwa daraja wanadhani upande wa pili upo tayari.

Aliyenifundisha kazi ni mama mmoja wa Kiswidi, Gunnel, mfupi, mwenye miwani iliyofungwa kwa mnyororo shingoni na pipi za chumvi kwenye droo. Pipi hizo alimpa mteja aliyekuja akijiamini kupita kiasi. Mteja akiwa bado anahangaika na ule uchungu mdomoni, Gunnel anamuuliza swali lake moja: "Na mwezi wa pili mtaishi vipi?"

Nilidhani ni mzaha. Baadaye nikaelewa. Watu wote wanapanga maisha yao kwa mwezi wa sita. Jua halizami, majirani wanachoma nyama, nyumba zinauzwa kama maandazi. Mwezi wa pili theluji imekuwa nyeusi, hela ya Krismasi imekwisha, watoto wanapokezana homa, na hakuna Mswidi anayetoka kwake kwenda kutazama nyumba ya mtu. Gunnel alikuwa akisema, mpango uliosimama mwezi wa pili hauanguki. Nami nikawa nauliza hivyo hivyo, ila bila zile pipi, maana kuwalisha wageni kitu kile roho yangu ilikataa.

Jambo la pili nililojifunza nilijifunza kwa meza. Walipotengeneza tawi upya walituletea meza za kioo, za kisasa kabisa. Wafanyakazi wenzangu walizichukia kwa sababu ya alama za vidole. Mimi nilizipenda siku ya kwanza, kwa kuwa niliona miguu. Mume anasema, "Hatuna tatizo, tutaweza," na huku chini mke anamkanyaga. Au mke anaeleza jinsi walivyokubaliana, na miguu ya mume imeshageukia mlangoni. Uso wa mtu mbele ya benki umevaa suti, lakini miguu haijafundishwa. Leo mnaomba mkopo kwa simu mkiwa mmejilaza, na jibu linarudi kabla hamjageuka upande. Sina ugomvi nalo. Nawaambia tu kwamba simu haioni nani kamkanyaga nani.

Nikiwa bado mgeni kazini nilimwuliza Gunnel juu ya ile kanuni ya benki kwamba usishughulikie mkopo wa ndugu yako. Nikamweleza kwamba kanisani kwetu Warundi, Wanyarwanda, Wakongo na sisi Watanzania wachache, wote tunaitana ndugu. Gunnel akavua miwani akanitazama. "Basi hutakuwa na wateja," akasema, "na mimi nitakuwa na wateja wako wote." Tukakubaliana kwamba ndugu ni yule ambaye mama yake alikuwa na haki ya kunichapa. Hapo nikabaki na kazi.

Sasa niwasimulie habari ya Evarist na Goreti, kwa sababu kila nilichotaka kuwafundisha kimo humo.

Evarist ni Mrundi, dereva wa basi. Mkewe Goreti anahudumia wazee majumbani. Walikuwa na fleti yao Fittja, kusini mwa mji, ghorofa ya tatu, pamoja na binti yao Divine aliyezaliwa hapa, na mama yake Evarist, Bibi Melania. Bibi Melania alikuwa na magoti yaliyokwisha kazi. Ngazi hakuziweza hata kidogo. Alitegemea lifti, na lifti ya jengo lile ilikuwa na tabia zake. Wiki inafanya kazi, wiki inagoma. Siku inapogoma bibi anabaki juu, na akibaki juu anakaa dirishani akitazama watu wanaoingia msikitini na watu wanaotoka dukani, na jioni anakueleza habari zao wote. Kanisani hakuonekana tangu majira ya kiangazi. Aliogopa kushuka halafu ashindwe kurudi.

Ndipo Evarist akaiona nyumba Hagsätra, si mbali na kwangu. Zile nyumba za safu, zinazoshikana kuta, za chini. Mlango unafungua, hakuna hata kizingiti, unatoka moja kwa moja kwenye kiwanja kidogo. Evarist aliingia kuitazama akarudi kwenye meza yangu ya kioo hajavua koti.

"Shangazi, mama atatoka nje mwenyewe," akasema. "Mwenyewe, si unasikia? Bila kungoja mtu."

Hakutaja jiko. Nilitazama miguu yao chini ya meza, yake na ya Goreti, ikawa imetulia, imeelekea upande mmoja. Nikawauliza swali la Gunnel. Wakanijibu watakavyoishi mwezi wa pili: zamu za ziada za Evarist, Goreti kuacha masomo kwa muhula mmoja, hakuna safari ya Burundi. Ilibana, lakini ilisimama. Benki ikakubali kuwavusha, kwa sharti lililo wazi. Ikifika majani ya miti kuanza kuota na fleti ya Fittja haijauzwa, basi nyumba mpya inarudi sokoni, na bibi anabaki na ngazi zake. Niliwasomea sharti hilo kwa Kiswidi, nikalirudia kwa Kiswahili, nikalirudia tena kwa Kirundi, maana mimi Muha wa Kigoma Kirundi nakisikia vizuri. Wakasema wameelewa.

Wakashinda mnada wa nyumba, wakalipa arbuni, wakapewa funguo mwezi wa kumi na moja. Ikabaki kuuza.

Dalali wao alikuwa kijana aitwaye Petter, mwenye viatu vyenye ncha na adabu nyingi. Aliwaeleza siku ya maonyesho inavyokwenda. Hapa tunaiita visning wote, hata tunapoongea Kiswahili. Jumapili mchana, wanunuzi wanakuja, wanavaa soksi za plastiki za bluu juu ya viatu, wanazunguka kimya kimya kama watu wanaoaga maiti, wanatazama ndani ya makabati, wanaondoka. Wenye nyumba wasiwepo. Kusiwe na harufu ya chakula. Picha za familia zishushwe. Na Petter, masikini, akaongeza maneno haya: "Watu wakiwa wengi, bei inapanda."

Jumapili iliyotangulia Evarist alisimama kanisani wakati wa matangazo. "Wapendwa," akasema, "Jumapili ijayo tuko na visning nyumbani. Mtuombee watu wawe wengi."

Ninyi mliozaliwa hapa labda hamwoni kosa. Lakini sisi tumelelewa hivi: mtu akiwa na jambo nyumbani kwake, haachwi peke yake. Awe amefiwa, awe anaozesha, awe amepata mtoto, unakwenda, unajaza nyumba, unashika kiti. Na huyu amesimama mbele ya kanisa zima akaomba watu wawe wengi.

Wakawa wengi.

Nilipigiwa simu na Evarist mwenyewe. "Shangazi, njoo haraka, wewe unajua kuongea na hawa watu." Sikujua ni watu gani anaosema, Waswidi au sisi. Nilipofika chini ya jengo nikakuta wanunuzi wa kweli wamesimama nje kwenye baridi, wanamtazama Petter, na Petter anaitazama lifti. Kutoka ndani ya lifti, mahali fulani kati ya ghorofa ya kwanza na ya pili, ulikuwa unatoka wimbo wa sauti nne.

Kwaya ilikuwa imekwama. Lifti ile ya watu watano waliingia wote, na makreti ya Fanta, kwa sababu hakuna aliyetaka kumwacha mwenzake kwenye ngazi. Na kwaya ikikwama itafanya nini? Ikaimba.

Nilipanda ngazi. Mlangoni viatu vilikuwa vimepangwa safu juu ya safu mpaka mlango wa jirani. Ndani kina mama wamekwishawasha jiko, isombe, kile kisamvu cha Kirundi, inachemka, na mchungaji ameshafungua kwa sala. Yale malimau ya bakuli la Petter mtu alikuwa ameyakata akayakamulia kwenye samaki. Katikati ya sebule Bibi Melania ameketi kwenye kiti, amevaa koti la baridi, kofia na glavu. Walikuwa wanataka kumshusha kabla ya wanunuzi kuja, na ndipo kwaya ikaziba njia. Basi akakaa pale akipokea watu. Waswidi wachache waliopanda kwa miguu walijikuta mbele yake na zile soksi za plastiki, naye akawapa mkono mmoja mmoja, nao hawakujua kama wanatakiwa kutoa pole au hongera.

Kulikuwa na mume na mke vijana waliokuwa na nia hasa. Yule mke akamwinamia Divine, akamuuliza kwa upole kama siku zote jengo linakuwa na watu namna hii. Petter akatikisa kichwa kwa nguvu nyuma yake. Lakini Divine amelelewa kusema kweli.

"Nej," akajibu. "Vanligtvis är vi fler."

Hapana, kwa kawaida tunakuwa wengi zaidi. Wale wakashukuru, wakavua soksi zao, wakashuka. Petter akaketi kwenye ngazi, nikampelekea sahani, akala bila kuuliza ni nini.

Fundi wa lifti alifika baadaye, na huyo ndiye mtu wa kumkumbuka. Aliitwa Jorma, Mfini, mtu mzima mwenye mabega mapana na maneno machache. Aliitoa kwaya mtu mmoja mmoja, na kila aliyetoka akamkumbatia. Mtu yule hakuwa amezoea kukumbatiwa na watu wa sauti ya nne. Akataka kuondoka, lakini Bibi Melania alikuwa ameshatoa amri kutoka kitini kwamba aliyewatoa watoto wake kwenye shimo hatoki bila kula. Jorma akaketi kwenye sofa karibu naye, sanduku la spana miguuni. Bibi hana Kiswidi, yeye hana Kirundi. Bibi akamshika mkono na kuendelea kuushika mpaka sahani ilipokwisha. "Urakoze cane," akawa anamwambia, asante sana, na Jorma anajibu "Jaha" kila mara, jibu linalofaa kwa kila jambo hapa.

Hakuna aliyeleta bei siku ile. Wala juma lililofuata.

Petter akafanya maonyesho mengine, safari hii kimya, milango imefungwa, malimau mapya. Wakaja watu wawili, na mmoja alikuwa jirani aliyetaka kuona kabati. Krismasi ikapita. Baridi ikakaza. Evarist akawa analipa nyumba asiyoishi. Nilimwambia ahamie Hagsätra, fleti ibaki tupu, lakini aliyekataa ni Bibi Melania.

"Zile ngazi nitazishuka mara moja," akasema. "Sitaki kushushwa nikapandishwa tena. Nitashuka siku ambayo nina hakika sirudi."

Basi nyumba ya Hagsätra ikakaa peke yake na taa moja. Theluji ikianguka, Evarist anamaliza zamu ya basi, anapanda treni, anakwenda kuisafisha njia ambayo hakuna anayepita. Majirani wapya wakamwona kila siku na koleo, wakadhani ni mtu wa kukodiwa. Mzee mmoja akatoka akamuuliza anasafisha kwa bei gani. Evarist akamtajia bei. Mpaka mwisho wa mwezi wa kwanza alikuwa na wateja safu nzima, na ile hela ndiyo iliyolipa umeme wa nyumba mbili. Siwafundishi kufanya hivyo. Lakini nilicheka mpaka Gunnel akaja kuuliza kuna nini.

Kisha mwezi wa pili ukaingia na kicheko kikaisha. Meneja wetu akaniuliza habari za lile daraja la Fittja. Niliwaita Evarist na Goreti. Walikuja wamekonda wote wawili. Evarist akaketi, akaanza kunieleza kwamba hatashusha bei.

"Shangazi, jirani wa chini aliuza kuliko hapo. Fleti ni ile ile."

"Jirani aliuza kiangazi," nikamwambia, "na yeye alikuwa chini, lifti haikumhusu."

"Sasa nitoe bure? Mimi niliweka sakafu kwa mikono yangu."

Hapo vijana wangu, nisikilizeni, maana hili limeangusha wengi. Mnunuzi halipii jasho lako. Hakujui. Hajui kwamba pale ukutani ndipo mtoto alipopimwa urefu. Kila mtu niliyemhudumia aliithamini nyumba yake pamoja na maisha aliyoishi ndani yake, na soko halina hesabu ya maisha. Tena ukishusha bei usiishushe kidogo kidogo kama mtu anayeonja maji kwa kidole. Watu wanaona, wanasubiri ushuke tena. Shusha mara moja, ishuke kweli, kisha simama hapo.

Nilimweleza hayo yote. "Na usiposhusha," nikasema, "mimi mwenyewe nitaandika kwamba nyumba ya Hagsätra iuzwe. Sitafurahi, lakini nitaandika."

Chini ya kioo nikaona mguu wa Goreti. Hakumkanyaga. Aliuweka tu mguu wake juu ya mguu wa mumewe, taratibu, ukabaki pale. Evarist akashusha pumzi.

"Ishushwe," akasema.

Habari iliyofuata nilipewa na Divine. Bei ilishushwa, na siku chache baadaye lifti, kama kawaida yake, ikagoma. Jorma akaja. Kufikia hapo ilishakuwa desturi, akimaliza kutengeneza anapanda kwa Bibi Melania, anapewa chai ya maziwa, wanakaa kimya pamoja. Siku hiyo akamuuliza Divine kwa Kiswidi mbona bado wapo. Divine akamweleza yote, nyumba mbili, theluji, bei iliyoshushwa, mpaka sharti la benki. Mtoto yule hana siri.

Jorma akauliza bei tena. Akaweka kikombe chini. Akaenda kwenye roshani, akatazama ziwa lililo kule chini, akarudi akafungua kabati la jikoni akalifunga. Yeye alikuwa amepanga chumba Akalla, upande wa pili kabisa wa mji, na kazi zake zote zilikuwa huku kusini. Kila siku anakata mji mzima kwa treni akiwa na sanduku la spana.

"Kwa bei ile ya kwanza nisingeweza," akasema. "Kwa hii naweza."

Petter alipopigiwa simu alidhani anataniwa. Kisha ukaja ule utaratibu wa ushirika wa wenye nyumba kumkubali mwanachama mpya. Wengine wanangoja wiki. Huyu, mwenyekiti aliposikia kazi yake ni fundi wa lifti, alimpigia simu mwenyewe kumuuliza kama angependa kuhamia mapema.

Mkataba ukasainiwa miti ikiwa bado mikavu. Nilipoziona karatasi zile mezani nilikwenda chooni nikalia kidogo, nikanawa uso, nikarudi kazini.

Siku ya kuhama Jorma alisimama ndani ya lifti toka asubuhi, kopo la grisi mkononi, akasema hakuna sofa wala kwaya itakayopanda kabla ya bibi kushuka. Bibi Melania alishuka amejifunga mavazi yake ya sherehe, ameshika mkono wa Mfini wake. Chini akamwambia tena urakoze cane. Jorma akasema, "Jaha," lakini sauti haikutoka sawasawa.

Kuanzia hapo lifti ile haikugoma tena. Mtu anayeishi ghorofa ya tatu na anajua kuitengeneza hakubali upuuzi. Wakazi wa zamani wanashukuru mpaka leo. Anayeumia ni Evarist peke yake. Kila akinywa kahawa kanisani anaanza upya: "Shangazi, angalia vizuri. Huyu mtu angehamia miaka miwili kabla, si tusingeuza kabisa?" Na Goreti anamkanyaga.

Kwa hiyo mkija na simu zenu, mimi sitawauliza kwanza riba. Nitawauliza ni nani anaingoja hiyo nyumba. Juzi kijana mmoja alifikiri sana akanijibu kwamba wanapenda jiko. Nikamwambia auze kwanza, majiko yako mengi. Akija mwingine akanitajia mtu, kwa jina, na akanijibu vizuri swali la mwezi wa pili, tutakaa chini tutapiga hesabu mpaka kahawa ipoe, na nitalalamika lakini nitakaa.

Mimi niliwatembelea Hagsätra Jumamosi moja, juma lile lile walilohamia. Sikuwa na shughuli ya benki, nilitaka kuona tu. Usiku theluji ya mwisho ilikuwa imeanguka, nyepesi. Evarist alikuwa kazini, Goreti na Divine bado wamelala. Bibi Melania alikuwa nje, peke yake, anafagia uwanja kwa ufagio wa jikoni, taratibu, akipumzika kila baada ya muda na kuutazama mlango wake uliobaki wazi. Nilisimama kwenye njia. Nikamuuliza nani amemtoa.

"Nimeamka," akasema, "nikafungua, nikatoka."

Kisha akanitazama kuanzia viatu mpaka mkoba. "Na wewe mtu wa benki, umekuja kuhesabu au kusaidia?"

Nikauweka mkoba dirishani, nikachukua koleo la mwanawe.